Mradi mmoja wa kushirikisha wananchi katika nchi sita: nini kifanane, nini kiachiwe kila nchi

Ndugu mleta mada, umeuliza iwapo mradi wa kuwashirikisha wananchi wa nchi sita, wenye mfadhili mmoja na muda wa mwaka na kitu, uendeshwe kwa mwongozo mmoja au kila nchi iachiwe kubuni utaratibu wake. Nimewahi kuratibu miradi ya aina hiyo nikiwa katika ofisi kuu, na nyakati nyingine nikiwa upande wa nchi inayopokea maelekezo. Kwa uzoefu huo, naona swali lako halina jibu mpaka muwe mmeamua matokeo yatatumiwa na nani, na kwa uamuzi gani. Hilo likishajulikana, orodha ya mambo ambayo ni lazima yafanane huwa fupi kuliko ofisi kuu inavyodhani, na yote yanayobaki ni ya kila nchi.

Mfano ulio wazi ni World Wide Views on Global Warming, mradi wa kukusanya maoni ya wananchi kuhusu ongezeko la joto duniani, ulioratibiwa na Bodi ya Teknolojia ya Denmark. Tarehe 26 Septemba 2009, wananchi wapatao 4,000 katika nchi 38 walikutana katika nchi zao, wakapewa taarifa zilezile za maandishi na video, wakajadiliana katika meza ndogo, kisha wakapiga kura juu ya maswali yaleyale yenye majibu yaliyokwisha kupangwa. Walengwa wa matokeo walikuwa wajumbe wa mkutano wa tabianchi uliofanyika Copenhagen Desemba mwaka huohuo, nao walihitaji takwimu zinazoweza kulinganishwa baina ya nchi na nchi, kwa hiyo kufanana kulikuwa na sababu. Mwaka 2015, kabla ya mkutano wa Paris, mtindo huohuo ulifika nchi 76 na watu wapatao 10,000, na sidhani kama ungeweza kupanuka kiasi hicho endapo kila nchi ingekuwa na utaratibu wake. Gharama yake ni kwamba mwananchi anayeona swali lenyewe limekaa upande hana pa kulisemea, kwa kuwa swali lilifungwa miezi mingi kabla hajaalikwa. Kama matokeo yenu yanakwenda kwenye meza moja ya majadiliano ya kimataifa, gharama hiyo inavumilika. Kama yanakwenda kwa wizara sita zenye sheria sita, haivumiliki.

Kuna mtindo mwingine ambao wengi huusahau, nao ni kuwachanganya wananchi wa nchi zote katika chumba kimoja. Kongamano kuhusu Mustakabali wa Ulaya, lililoanza Mei 2021 na kumalizika Mei 2022, lilikuwa na mabaraza manne ya wananchi, kila moja likiwa na watu 200 waliochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka nchi 27 za Umoja wa Ulaya, huku thuluthi moja wakiwa vijana wa miaka 16 hadi 25, na ukalimani ukitolewa katika lugha 24. Faida yake ni kwamba mtu husikia hoja ya jirani yake wa nchi nyingine kabla hajafunga maoni yake, jambo ambalo mikutano sambamba haiwezi kulitoa hata ikipangwa vizuri namna gani. Hasara yake ni fedha, hasa za ukalimani na usafiri, pamoja na ukweli kwamba watu wachache kutoka kila nchi hawawezi kuchukuliwa kuwa sauti ya nchi hiyo. Mnaweza pia kuunganisha mitindo yote miwili. Mradi wa Meeting of Minds wa 2005 na 2006, uliowahusisha wananchi 126 wa nchi tisa za Ulaya katika suala la sayansi ya ubongo, ulikuwa na vikao vya kitaifa na pia vikao vya pamoja. Kwa nchi sita, huo ndio ningeuangalia kwanza.

Sasa nije kwenye lile ambalo kwa maoni yangu hula muda mwingi zaidi, yaani namna ya kuwapata washiriki. Ofisi kuu hupenda kuandika kwamba washiriki wachaguliwe kwa njia moja kila mahali, lakini nchi hazina vyanzo vinavyolingana: moja ina rejista ya wakazi inayoweza kutumika kisheria, nyingine haina rejista ya namna hiyo, na ya tatu inayo lakini hairuhusu kuitoa nje ya serikali. Ukilazimisha njia moja, utapata sampuli nzuri katika nchi mbili na ubabaishaji katika nne. Kinachopaswa kufanana ni vigezo: uwiano wa jinsia, makundi ya umri, kiwango cha elimu, mjini na vijijini, pamoja na sharti kwamba asiwepo mtu anayefanya kazi katika sekta inayojadiliwa. Njia ya kuwafikia, iwe ni simu, barua, kutembelea kaya au vinginevyo, iwe juu ya timu ya nchi, mradi tu iandikwe kwa kina katika ripoti ili msomaji aone mwenyewe tofauti iko wapi. Wala msidanganyike kwamba watu mia moja kwa kila nchi ni kura ya maoni. Idadi hiyo inatosha kuonyesha hoja zinazojitokeza pale watu wa aina tofauti wanapopewa taarifa na muda wa kufikiri, na hapo ndipo thamani yake ilipo.

Posho nayo ni sehemu ya uchaguzi wa washiriki, ingawa bajeti nyingi huiweka kwenye fungu la mikutano. Kiasi kimoja kwa nchi zote huonekana ni haki kwenye karatasi, ilhali katika nchi moja hakifidii hata siku ya kazi iliyopotea na katika nyingine kinawavuta watu kwa sababu ya fedha tu. Wekeni kanuni moja, kwa mfano kufidia ujira wa siku, nauli na malezi ya watoto, kisha kila nchi ikokotoe kiasi chake.

Kuhusu wawezeshaji, yaani wanaoongoza mijadala ya meza, mafunzo yafanyike kwa pamoja hata kama mikutano itafanyika kwa kutengana, kwa sababu mwongozo wa maandishi haumfundishi mtu lini anyamaze. Lililo muhimu ni mwezeshaji kutojibu maswali ya kitaalamu. Swali liandikwe na lipelekwe kwa mtaalamu aliyeteuliwa, na jibu lake lisambazwe kwa meza zote.

Taarifa binafsi zisiondoke nchini pasipo sababu. Kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu 25 Mei 2018, ina masharti ya kuhamishia taarifa nje ya eneo lake, na nchi nyingi nyingine zina sheria zao. Utaratibu uliotufaa ni majina na namba za simu kubaki kwa timu ya nchi, na ofisi kuu kupokea pekee namba ambazo mradi wenyewe umempa kila mshiriki badala ya jina.

Ikiwa mada yenu ni mradi wenye athari zinazovuka mpaka, kama bwawa au kiwanda, kuna la kisheria la kuzingatia. Mkataba wa Espoo wa 1991, unaohusu tathmini ya athari za mazingira zinazovuka mpaka, kwa nchi zilizouridhia, unataka wananchi wa nchi inayoathirika wapewe fursa inayolingana na ile ya wananchi wa nchi mradi unakojengwa. Kinachotakiwa ni ulinganifu wa fursa, si kufanana kwa utaratibu. Nchi moja inaweza kufanya mikutano ya hadhara na nyingine ikapokea maoni kwa maandishi, ili mradi muda, taarifa na uzito wa maoni havitofautiani. Hata pale mkataba huo usipohusika, ningekitumia kipimo hicho kila mara timu za nchi zinapobishana na ofisi kuu.

Uchambuzi hauwezi kuachiwa kila nchi. Maoni ya wazi, yaani yale ambayo watu wametoa kwa maneno yao wenyewe, yawekewe misimbo (alama fupi za kuyapanga kwa mada) kwa kitabu kimoja cha misimbo, ambacho timu zote zimekijaribu kwa sehemu ndogo ya maoni kabla kazi yenyewe haijaanza, na kila kundi la maoni lipitiwe na watu wawili. Msichapishe jedwali linalozipanga nchi kwa daraja. Vyombo vya habari vitaligeuza kuwa mashindano, na timu za nchi zilizo chini zitapoteza mlango wao wizarani.

Mrejesho kwa washiriki upewe fungu lake tangu siku ya kwanza, kwani huwa unakuja wakati fedha zimekwisha na wafanyakazi wamehamia kwingine. Lile Kongamano la Ulaya lilifanya mkutano wa mrejesho Desemba 2022, takriban miezi saba baada ya ripoti ya mwisho, na kwa mradi unaozihusu serikali nyingi nadhani muda huo si mrefu.

Mwisho, kwa nchi sita tegemeeni kwamba moja inaweza kujitoa au kusimama kwa sababu ya uchaguzi mkuu. Wekeni kalenda za uchaguzi mezani kabla ya ratiba, kisha mkataba useme waziwazi idadi ya chini ya nchi inayotosha kutoa ripoti ya pamoja, nani anamiliki maoni yaliyokwisha kukusanywa katika nchi iliyojitoa, na iwapo nchi hiyo inaweza kuzuia yasichapishwe. Kifungu hicho wanasheria wa mfadhili wataomba kiachwe hadi baadaye. Msikubali kusaini kabla hakijaandikwa.