Barua kwa mwanangu: magari ya Jumanne

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Mama yako anakusalimu, presha imetulia. Umeniuliza: "Baba, niache kazi niingie moja kwa moja kwenye kusafisha magari?" Jibu langu ni bado, na sababu si ile ya shangazi yako kwamba mtoto wa kike msomi hashiki brashi. Achana naye. Dar imejaa magari yaliyotumika Japan, viti vya kitambaa cheupe, na watoto wanaokula chipsi kiti cha nyuma. Kazi ipo.

Mimi naiogopa Jumanne.

Unasema kila Jumamosi unapata magari matatu, viti, kapeti na polishi, 80,000 kwa gari. Toa posho ya vijana wawili, dawa, maji ya boza, umeme wa Luku na nauli ya vifaa. Ukibakiwa na 40,000 umshukuru Mungu. Mshahara wako mkononi ni 900,000. Kuufikia tu unahitaji magari 23 kwa mwezi, na hapo sijagusa bima ya afya wala mchango wa NSSF, akiba ya uzeeni, anaokuwekea mwajiri. Jumamosi zinakupa 12, au 15 zikiwa tano. Mengine lazima yatoke katikati ya wiki, na katikati ya wiki gari la mteja wako limeegeshwa Posta katikati ya jiji, mwenyewe yuko kazini na jioni analihitaji. Kiti kilichooshwa hakikauki kwa saa moja.

Kwa hiyo Jumanne ina wateja wengine kabisa: yadi za magari na kampuni za kukodisha. Hao watakubana bei na kukulipa mwisho wa mwezi, wakikumbuka. Lakini gari la yadi linapigwa vumbi kila siku, na mwenye yadi anajua mnunuzi akifungua mlango akapokewa na harufu ya uvundo, anaondoka. Umeshaongea na hata mmoja wao? Barua yako haikusema.

Sheria inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Ichukue yote Aprili, masika yakiwa yamekolea, na usije Tanga kututembelea. Fanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa kama vile umeshaacha ajira. Masika wateja wa kung'arisha gari kwa nje hupotea; nani alipie polishi halafu jioni apite kwenye tope la Mbezi? Ndani ndiko kwenye kazi: maji yanaingia, kapeti linavunda, ukungu unaota hadi kwenye mikanda. Anayejua kufungua viti na kukausha chini ya kapeti anakula msimu ule ambao wenzake wamekaa kwenye mabenchi. Siku hizo zikijaa, andika barua yako. Notisi ya anayelipwa kwa mwezi nayo ni siku 28, itoe kwa maandishi na kwa adabu, hata kwa huyo bosi uliyemlalamikia. Nimesoma nikaona yeye ni nusu ya swali lako. Kama shida ni yeye, tafuta ajira nyingine. Biashara isiwe mahali pa kujificha.

Na neno la dereva mstaafu: mashine ya kung'arishia usimwachie kijana aliyeanza juzi. Lile tabaka la juu la rangi, mafundi wanaliita klia, ni jembamba kuliko karatasi. Kila ukisugua linapungua, na kwenye kingo linaisha kabla hujashtuka. Likiisha hakuna polishi itakayolirudisha, ni kupiga rangi upya kwa pesa yako. Fanyieni kivulini pia, dawa ikikaukia juani huacha madoa.

TIN, yaani namba ya mlipakodi, na leseni ya biashara ya halmashauri shughulikia kabla ya kwenda yadi, watakudai risiti.

Mkopo wa mashine ya mvuke sitakudhamini sasa. Tangi la maji na pampu nitakununulia mimi. Mengine tuongee Mei, uje na daftari la mauzo.

Baba yako