Kigunduzi cha rada kwenye pikipiki ya safari ndefu: maswali yenu na majibu yetu

Msimu wa safari umeanza Marekani na Kanada, na wasomaji wetu wanaoendesha pikipiki kubwa huko wametuandikia kuhusu vigunduzi vya rada, yaani vifaa vinavyomwonya dereva kwamba polisi wanapima mwendo kwa rada au leza. Vifaa hivi, karibu vyote, vimeundwa vikae kwenye kioo cha gari: pakavu, pasipo upepo wala mtikisiko. Pikipiki haina hata kimoja kati ya hivyo, na ndiyo sababu ya maswali mengi yaliyo hapa chini.

Nina Gold Wing (pikipiki ya Honda) ya 2019 yenye gia za DCT, zinazojibadilisha zenyewe. Usukani wake hauna bomba la wazi la kushikia klempu. Nikifunge wapi?

Kwanza ujue kigunduzi kinataka kuona nini. Antena ya mbele inahitaji barabara iliyo wazi, bila chuma mbele yake. Windskrini ya plastiki haizuii mawimbi ya rada. Vinavyozuia ni dashibodi, simu au GPS uliyoifunga mbele yake, na mwili wa mtu. Leza ni mwanga, kwa hiyo windskrini iliyokwaruzika, yenye tinti nzito au iliyojaa wadudu itaipunguza. Kifaa kilale sambamba na barabara. Kipime ukiwa umekaa kwenye siti na pikipiki ikiwa wima, si ikiwa imeegemea stendi ya pembeni, kwa sababu shokabzoba hubonyea kwa uzito wako na pua ya pikipiki hubadili mwelekeo.

Kwa Gold Wing yako, mahali pazuri ni kwenye klempu ya pampu ya breki, mkono wa kulia. (Wenye gia za kawaida wanaweza kutumia upande wa klachi, DCT haina klachi ya mkono.) Kampuni kama RAM huuza kitako chenye mpira wa inchi 1 (tufe linaloshikwa na mkono wa kifaa) kinachokuja na bolti ndefu za kubadilisha zile za klempu. Tunasema bolti za klempu, siyo skrubu za kifuniko cha mafuta ya breki. Ukifungua kifuniko unaingiza unyevu na vumbi kwenye mfumo wa breki kwa faida ya kifaa kidogo tu. Kaza bolti kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki, kisha jaribu breki kabla ya kuondoka.

Halafu fanya kitu ambacho wengi husahau: washa umeme, shusha windskrini mpaka chini kabisa, zungusha usukani hadi mwisho kushoto na kulia. Windskrini ya pikipiki yako huendeshwa na mota, nayo haitauliza kama kuna kitu njiani. Acha nafasi ya sentimita 2 au zaidi pande zote.

Urefu wa kifaa: karibu na ukingo wa juu wa saa za dashibodi, chini ya mstari wa macho yako. Ukikiweka kwenye tangi utalazimika kuinamisha kichwa, na kwa kilomita 110 kwa saa pikipiki hupita mita 30 kila sekunde.

Kigunduzi changu kina antena ya nyuma pia. Mbona askari wa nyuma hakioni?

Kwa sababu wewe upo katikati. Mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa, na maji hufyonza mawimbi haya. Ukiongeza abiria na boksi la nyuma lililojaa mizigo, antena hiyo inabaki kusubiri mawimbi yanayorudi baada ya kugonga lori au ukuta wa daraja. Matokeo yake onyo huchelewa, na wakati mwingine mshale wa kifaa unaoelekea mbele huwaka ilhali rada iko nyuma. Usiutegemee.

Street Glide yangu (Harley) hulegeza mkono wa kifaa kila safari, na safari iliyopita kilianguka kikaning'inia kwa waya. Nikaze zaidi?

Hapana, usikaze zaidi. Angalia kwanza kipenyo cha bomba. Harley nyingi zina usukani wa milimita 25.4 mahali pa klempu; pikipiki nyingi za Japani 22.2, usukani mnene 28.6. Klempu ya kipenyo kikubwa iliyojazwa kwa vipande vya plastiki itateleza hata ukaze namna gani. Pata saizi yake halisi.

Kisha fupisha mkono. Mkono wa takriban sentimita 6 hutikisika kidogo kuliko ule wa 9, na mzigo juu ya mpira wa kiungio hupungua. Mpira huo uwe mkavu na msafi: mafuta ya kung'arishia plastiki ni adui yake mkubwa. Kwenye bolti za chuma weka tone moja la Loctite ya buluu, dawa ya kuzuia bolti kulegea. Usiiguse plastiki kwa dawa hiyo, hupasua aina nyingi za plastiki polepole na utaona ufa baada ya wiki. Vikombe vya kunyonya kioo viache garini. Velkro ya gundi hufaa kwenye sehemu bapa, ila jua la mchana wa Arizona hulainisha gundi na kifaa huanza kutambaa.

Mwisho, funga kamba fupi ya nailoni kutoka kwenye kifaa hadi kwenye usukani. Waya wa umeme haukutengenezwa kubeba uzito.

Naomba maelezo kamili ya umeme. Nimeambiwa nichomeke tu kwenye waya wa taa ya mbele.

Aliyekwambia hivyo hakukutakia mema, ingawa huenda hakujua. Pikipiki za kisasa za safari hupima umeme wa kila taa kwa kompyuta. Ukidokoa waya wa taa, kompyuta inaweza kuhesabu hitilafu na kukuwashia onyo, au kukata taa yenyewe. Na ukikosea fyuzi, taa ya mbele ndiyo itakayozimika usiku.

Kigunduzi chenyewe ni kifaa kidogo, hula chini ya ampia 1. Kama pikipiki yako ina plagi ya vifaa vya ziada kutoka kiwandani inayowaka na kuzimika kwa funguo, itumie na uishie hapo. Harley za Touring wanayo. Kwenye BMW, soketi husimamiwa na kompyuta na hukatwa dakika chache baada ya kuzima, jambo ambalo kwa kigunduzi halina ubaya. Ukitaka kuongeza na taa za ukungu kwenye BMW, hapo ndipo kifaa kama ezCAN cha kampuni ya Hex, kinachounganisha vifaa vya ziada na kompyuta ya pikipiki, kinapostahili bei yake.

Kama plagi haipo, jenga mzunguko wako kwa rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo. Utahitaji rilei ya volti 12 yenye miguu minne, kishikio cha fyuzi kisichoingiza maji, fyuzi ya ampia 2, waya wa 18 AWG (kipimo cha unene wa waya) kama mita 2 kwa kila rangi, vishikizo vya kubana vya pete kwa ajili ya betri, na mirija ya plastiki inayosinyaa kwa joto.

Fungua hasi ya betri kwanza. Ukianza na chanya, spana ikigusa fremu utapata cheche kubwa. Kutoka chanya ya betri peleka waya kwenye fyuzi, na fyuzi iwe ndani ya sentimita 15 kutoka betri: waya ulio kabla ya fyuzi hauna ulinzi, ukichubuka unawaka. Kutoka fyuzi nenda mguu namba 30 wa rilei. Mguu 87 unapeleka umeme kwenye kigunduzi. Mguu 85 unakwenda hasi. Mguu 86 ndio wa kuamsha: uunganishe na waya unaopata umeme funguo ikiwashwa tu, kwa mfano wa taa ya namba kwenye pikipiki ya zamani isiyo na kompyuta ya taa. Koili ya rilei hula takriban ampia 0.15, kwa hiyo waya huo hautasikia mzigo. Hasi ya kigunduzi irudi hadi kwenye hasi ya betri yenyewe. Bolti ya kava la mbele unaloliona kama chuma inaweza kuwa imekaa kwenye plastiki tupu.

Klipu zile za plastiki zinazong'ata waya na kuupasua ngozi tunakuomba uziache dukani. Hukata nyuzi kadhaa za ndani, maji huingia, shaba hugeuka kijani, na mwaka unaofuata unatafuta tatizo lisiloonekana. Bana kwa koleo sahihi au lehemu, kisha funika kwa mrija wa kusinyaa.

Pitisha waya kando ya nyaya za kiwandani, chini ya tangi, mbali na injini na ekzosi. Kwenye shingo ya usukani acha kitanzi cha ziada, zungusha usukani pande zote mbili, uhakikishe hakivutwi wala hakibanwi. Hasi ya betri irudishwe mwisho.

Jambo la waya wa kigunduzi chenyewe: ncha yake hufanana na plagi ya simu ya mezani, lakini mpangilio wa nyaya ndani hauko sawa kwa kila kampuni. Tumia waya wa kampuni iliyokitengeneza.

Kila nikiwasha injini kigunduzi kinazima na kuanza upya. Kimeharibika?

Hapana. Stata ikizunguka, volti ya betri hushuka, wakati mwingine chini ya 10, na kifaa hujizima. Ukisha kuwasha, pima: injini ikizunguka betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikisoma hivyo, acha kama ilivyo. Lakini kikizima ukiwa unakata kona, hilo ni la waya unaobanwa kwenye shingo ya usukani. Hilo lishughulikie leo.

Upepo hunifanya nisisikie mlio hata kidogo.

Huwezi kuusikia, na ukiongeza sauti utawasumbua watu kwenye taa za barabarani tu. Njia bora ni kupeleka mlio ndani ya helmeti. Valentine One ya kizazi cha pili na baadhi ya vigunduzi vya Escort huzungumza na simu kwa Bluetooth, na simu hupeleka sauti kwenye kifaa cha mawasiliano cha helmeti, kama cha Sena au Cardo. Vyenye tundu la sauti la milimita 3.5 vinaweza kuunganishwa na kirushio kidogo cha Bluetooth. Ukisikia mluzi unaopanda na kushuka na mwendo wa injini, umeme wa kirushio na wa kigunduzi unachafuana. Chukua hasi zote mbili mahali pamoja au weka kitenganishi cha sauti katikati.

Kwa wasiopenda sauti, kuna taa ndogo ya LED inayobandikwa kwenye ukingo wa windskrini. Tunaipendelea kuliko skrini ya kifaa, kwa sababu jicho huiona bila kuhama barabarani, na skrini nyingi juani hazisomeki. Tahadhari: California hairuhusu kuziba masikio yote mawili kwa vipokea sauti ukiwa unaendesha.

Mvua ikinyesha nifanyeje?

Vigunduzi vya magari havistahimili maji. Adaptiv TPX kiliundwa kwa ajili ya pikipiki na hustahimili. Vya magari vinahitaji kava. Mfuko wa plastiki unazuia matone lakini hufunga joto na jasho la unyevu ndani, kwa hiyo uache mdomo wake wazi upande wa chini. Ukitarajia mvua ya saa nzima, kichomoe ukiweke mfukoni. Trafiki nao hawapendi kusimama mvuani.

Hapa Columbus kinalia kila dakika. Nimechoka.

Kinapokea bendi ya K (moja ya masafa ya rada, pamoja na X na Ka), gigahezi 24, ambayo hutumiwa na magari mengi kuangalia pembeni mwao, na pia na milango ya maduka inayojifungua. Zima bendi ya X kama polisi wa maeneo yako hawaitumii, washa kichujio cha K, na uipe masikio bendi ya Ka. Polisi wengi wako huko, hasa karibu na gigahezi 33.8, 34.7 na 35.5. Mlio wa Ka kwenye barabara tupu usiupuuze.

Tunapanga Blue Ridge Parkway kutoka North Carolina hadi Virginia. Kuna shida?

Ipo, na ni kubwa. Virginia na Washington D.C. zimepiga marufuku kifaa hiki. Barabara hiyo ya maili 469 huingia Virginia karibu na nguzo ya maili 216.9. Kabla ya hapo simama, kichomoe umeme, kiingize kwenye boksi chini ya mizigo. Sheria ya Virginia haikuhesabii kosa kama kifaa hakina umeme na hakifikiki kwa dereva wala abiria; kukizima tu kikiwa usukanini hakutoshi. Polisi wana mashine inayonusa kigunduzi kilichowashwa. Ndani ya kambi za jeshi la Marekani pia hakiruhusiwi.

Mwenzetu wa Toronto aliyeuliza: Ontario hairuhusu hata kukibeba, na kinaweza kutaifishwa. Kanada wanakiruhusu British Columbia, Alberta na Saskatchewan tu.

Kwenye Parkway yenyewe kikomo ni maili 45 kwa saa, na kulungu hawatangulizi mawimbi yoyote. Endesha hivyo.

Tochi ya leza ya polisi je? Kitaniokoa?

Mara nyingi, hapana. Rada hutawanya mwali mpana, mawimbi yake humgonga aliye mbele yako nawe ukayapokea mapema. Mwali wa leza ukifika mita 300 una upana wa kama mita 1, na askari huulenga kwenye taa yako ya mbele, kwa kuwa pikipiki haina namba ya mbele. Kigunduzi kikilia leza, mwendo wako umeshasomwa. Hali ni hiyo hiyo kwa rada inayowashwa ghafla ukiwa peke yako barabarani.

Nikilala hotelini nikiache kwenye pikipiki?

Usiache. Nunua kitako chenye kitufe cha kuachia, ncha ya waya uizibe kwa kifuniko cha mpira isiingie maji, na kifaa ulale nacho chumbani.