Jibu: Mkopo wa 500,000 unaodai ulipe "bima" kwanza

Dada wa Masasi, usitume hiyo 25,000. Umesema kuna wanaojiita kampuni ya mikopo, wamekuahidi shilingi 500,000 ya kupulizia mikorosho ukishawatumia kwanza 25,000 ya "bima". Mkopeshaji halali akiwa na ada huiandika kwenye mkataba. Huyu ukimtumia 25,000 atakuja na "kodi", kisha "kufungua akaunti", na kila mara atasema ndiyo ya mwisho.

Mjaribu hivi: anza kama unatuma pesa kwenye namba aliyokupa, usome jina kabla ya kuweka namba ya siri. Likitokea jina la mtu binafsi wakati yeye anajiita kampuni, katisha hapo hapo. Kisha tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya wakopeshaji wenye leseni, iko kwenye tovuti ya Benki Kuu ya Tanzania, au ulizia tawi la Benki Kuu la Mtwara. Jina lazima lifanane herufi kwa herufi, maana matapeli hupenda kuazima jina la kampuni halali na kuongeza neno moja.

Kama ulishawapa namba ya NIDA, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika wakaifute. Ujumbe wao usiufute, upeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli, pamoja na namba iliyoutuma.

Na tafadhali, usikimbilie kangomba, yaani kumuuzia mlanguzi korosho mapema kwa bei ya chini, kwa sababu hii. Kuuza korosho ikiwa bado ua ni hasara kubwa zaidi. Waulize kwanza AMCOS yako, chama chenu cha ushirika cha wakulima.