Kobe wangu hataki kula na gamba limelainika: nianze na dawa gani?

SWALI: Shikamoo daktari. Nimepewa kobe mdogo, gamba lake lina urefu wa sentimita 10 hivi. Nimemweka kwenye tangi la kioo karibu na dirisha linalopigwa na jua, chini nimetandaza mchanga, na chakula chake ni letasi, tango na nyanya. Wiki ya pili sasa amejikunyata kwenye kona, macho kayafumba, na nikiminya gamba kwa juu linabonyea. Jamaa mmoja ananiambia kalala usingizi wa majira ya baridi, mwingine anasema nimpe dawa ya minyoo. Nianze na lipi?

JIBU: Marahaba. Usimpe dawa yoyote, na usimwache aendelee kulala. Gamba si kifuniko kilichowekwa juu ya mwili wa kobe. Ni mifupa yake, mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo. Kwa kitoto kilichotoka yaini juzi, gamba kubonyea kidogo ni kawaida. Kwa kobe wa sentimita 10, ni dalili kwamba mifupa inakosa kalsiamu. Anahitaji kuonwa na daktari wa wanyama anayewajua reptilia ndani ya siku mbili tatu hizi. Ila kuna mambo ya kufanya leo leo, na kwa hayo hata matibabu ya daktari yatafanya kazi vizuri zaidi.

Kosa kubwa liko kwenye kioo cha dirisha. Ili kobe anyonye kalsiamu kutoka kwenye chakula anahitaji vitamini D3, na D3 huitengeneza kwenye ngozi kwa mionzi ya jua iitwayo UVB. Kioo hupitisha mwanga na joto lakini huzuia karibu UVB yote. Kwa hiyo kobe wako amekaa juani bila kulipata jua analolihitaji. Hatari ya pili ni kwamba tangi la kioo juani hugeuka tanuri: hewa hupanda moto ndani ya dakika chache, na mwili wa kobe ukipita nyuzi 40 za Selsiasi anaweza kufa. Mtoe hapo sasa hivi.

Jua halisi la nje ndilo bora. Mtengee kizimba cha waya, asubuhi kabla jua halijawa kali, dakika 20 hadi 30, nusu ya kizimba iwe na kivuli. Usimwache peke yake: ndege na mbwa humdhuru, na akipinduka chali juani hupata joto kupita kiasi, tena viungo vya ndani hugandamiza mapafu, maana mapafu ya kobe yako juu, chini ya mgongo. Siku asizotoka nje, taa ya UVB ni lazima, saa 12 kwa siku. Ifungwe juu yake, si ubavuni, kwa sababu mwanga wa pembeni humuumiza macho. Fuata umbali ulioandikwa na mtengenezaji, na kati ya taa na kobe pasiwe na kioo wala plastiki. Hata wavu hupunguza mionzi. Jambo linalowaponza wengi: taa ya UVB huendelea kuwaka vizuri machoni petu hata baada ya UVB yake kwisha. Nyingi hubadilishwa kati ya miezi 6 na 12, basi andika tarehe kwenye kishikizo chake siku unayoifunga.

Sasa joto. Kobe hatengenezi joto la kutosha mwilini, hulichukua nje. Akipoa, tumbo nalo husimama, na chakula hukaa kikachacha badala ya kusagika. Ndiyo sababu kobe aliyepoa hukataa kula, na kumlazimisha kula kabla hajapata joto ni kumwongezea ugonjwa. Upande mmoja wa makazi weka taa ya joto, chini yake pafike nyuzi 32 hadi 35. Upande wa pili pabaki nyuzi 24 hadi 27. Pima kwa kipimajoto kwenye kimo cha mgongo wa kobe, si ukutani. Usimwekee jiwe la umeme la kumpasha kwa chini: kobe huota jua kwa mgongo, na anaweza kuungua tumbo bila kuondoka.

Suala la usingizi wa baridi linategemea aina. Kobe wa Hermann na kobe wa Kirusi, wa nchi zenye majira ya baridi, hulala. Kobe madoadoa na sulcata (kobe mkubwa wa ukingo wa jangwa la Sahara), wa nchi za joto, hawalali usingizi huo. Hata wale wanaolala, mgonjwa au mwenye uzito pungufu halazwi. Piga picha ya mgongo, tumbo na miguu umwonyeshe daktari ili ujue una aina gani, kwa sababu ukubwa wa baadaye hutofautiana sana: sulcata anaweza kupita kilo 40.

Leo mwogeshe. Chukua beseni, mimina maji vuguvugu ya nyuzi 28 hadi 32, kina kiishie chini ya kidevu, umwache dakika 15 hadi 20, na ukae naye. Atainamisha shingo na kunywa. Koo utaliona linacheza. Wengi hujisaidia humo humo. Ukiona ute mweupe kama dawa ya meno, hayo ni mabaki ya mkojo, usishtuke. Ukiusugua kati ya vidole ukakwaruza kama mchanga, kobe ana upungufu wa maji. Rudia kila siku kwa wiki mbili. Macho yaliyofumba kwa kobe wa nchi kavu mara nyingi hutokana na ubaridi na kukaukiwa maji, si kukosa vitamini A kama watu wanavyodhani, na sindano ya vitamini A ikizidi hubabua ngozi.

Mchanga uondoe. Huingia tumboni pamoja na chakula na unaweza kuziba utumbo. Badala yake weka udongo usio na mbolea uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyosagwa, kina cha sentimita 5 au zaidi, unyevunyevu kidogo chini na mkavu juu. Unyevu huo humsaidia kobe mdogo asiote gamba lenye vinundu kama paa za mahema, maana ukavu ni chanzo kikubwa cha vinundu hivyo. Na kuta za kioo zizibe kwa karatasi kimo cha kobe. Asipoona mpaka hushinda akikwangua kioo.

Chakula: letasi na tango ni maji matupu, na nyanya ina fosforasi kuliko kalsiamu, wakati kobe anahitaji kalsiamu walau mara mbili ya fosforasi. Kobe wengi wanaofugwa hula majani: nyasi, mchunga, majani na maua ya hibiskasi, mpungate uliotolewa miiba. Yasiwe yamepuliziwa dawa. Rundo la ukubwa wa gamba lake kila siku linatosha. Mchicha usiufanye chakula cha kila siku, una oksalati inayoikamata kalsiamu. Mara tatu kwa wiki nyunyiza kidogo unga wa kalsiamu usio na fosforasi, na mwachie mfupa wa dome, yule wa baharini wa jamii ya ngisi, autafune atakapo. Mkate, wali, nyama na maziwa asipewe.

Kuhusu dawa ya minyoo, nisikilize kwa makini: ivermektini, inayotumika sana kwa ng'ombe na mbwa, huua kobe. Minyoo hutibiwa baada ya kinyesi kupimwa, kwa dawa na kipimo atakachopanga daktari.

Usisubiri hata kesho ukiona mapovu puani, anapumua mdomo wazi, au miguu imelegea. Mweke kwenye sakafu isiyoteleza umtazame akitembea: mzima huinua tumbo juu ya sakafu, dhaifu huliburuta. Vuta mguu wa nyuma taratibu. Asipouvuta kurudi ndani kwa nguvu, mpeleke. Kobe hana kiwambo, ule msuli wa chini ya mapafu, cha kumsaidia kukohoa, hivyo uchafu wa mapafuni hautoki wenyewe.

Kila umgusapo osha mikono kwa sabuni, na beseni lake lisioshwe jikoni, kwani kobe mwenye afya kabisa anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu. Watoto chini ya miaka 5 wasimshike. Ulizia pia kibali: kobe wa nchi kavu wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na nchi nyingi zina sheria za kuwafuga.

Siku ya kwenda kwa daktari mbebe kwenye boksi lenye taulo, lisiloingiza upepo. Chukua kinyesi kibichi kwenye kopo safi, jina la taa unayotumia, na uzito wake wa kila siku kwa gramu, uliopimwa kwa mizani ya jikoni baada ya kuoga na kabla ya kula.