Ngumi za uzito wa juu: miguu inaondoka kabla ya mkono

Wadogo zangu mnaoanza ngumi za uzito wa juu, nimewashikia pedi (zile kocha anazovaa mikononi ili bondia azipige) watu wakubwa wa kila umri, vijana wa miaka 19 mpaka watu waliopita 40, na karibu wote mnaniuliza swali moja, kocha, kilele changu ni lini, nina miaka mingapi mbele. Jibu fupi kwa nilivyoona ni kati ya miaka 26 na 33 hivi, ila hilo jibu halikusaidii sana maana kinachokuja kukumaliza sio umri wenyewe. Uzito wetu una hatari moja ambayo wale wa uzito mdogo hawana kwa kiwango hiki: mkono wako utaendelea kuangusha watu miaka mingi baada ya miguu kukuaga, na huo mkono ndo utakaokudanganya uendelee kupanda ulingoni.

Ngoja niwaambie inavyoonekana ukiwa umeshika pedi. Bondia wa miaka 24 ukimwita moja-mbili, yaani jebu (ngumi ya mkono wa mbele) halafu ya mkono wa nyuma, mguu na ngumi vinatoka pamoja, unasikia pa-pa na kabla hujashusha pedi ameshahama, yuko pembeni ya bega lako. Mchukue huyohuyo akiwa na 35, mwite moja-mbili ileile. Kwanza anakanyaga, anatulia, ndo anapiga. Na ngumi ikifika ni nzito kuliko zamani, kiganja changu kinawaka mpaka usiku, kwa hiyo yeye anashuka pale ana furaha, anasema kocha umeuona mkono leo? Mimi wala sikuwa naangalia mkono, nilikuwa naangalia ile nusu sekunde aliyokanyaga kabla ya kupiga, maana mpinzani mzuri hahitaji zaidi ya hiyo.

Dalili ya pili inaonekana kwenye sparingi, yaani kupigana na mwenzako kwa mazoezi. Jebu ambayo alikuwa anaikwepa kwa kusogeza kichwa kidogo tu sasa inamkuta kwenye paji la uso, na ukimtazama macho unaona kabisa kwamba ameiona inakuja. Jicho limeona, kichwa hakijatii. Hapo bondia atakwambia hakulala vizuri, au anatoka kwenye mafua, au gloves za leo hazimkai, na mara moja moja ni kweli. Ikijirudia wiki kwa wiki sio mafua.

Sababu ya haya yote ni ya mwili tu, haina siri. Nyuzi za misuli zinazofanya kazi ya haraka ndo zinaanza kupungua mapema, zile za kazi ya taratibu zinakaa zaidi. Muda wa mwili kuitikia kitu ulichokiona unarefuka kidogo kidogo kuanzia miaka ya 20 na kitu, magoti na mgongo vinabeba kilo 100 na zaidi kila siku, na mazoezi uliyokuwa unapona usiku mmoja yanakudai siku mbili tatu. Uzito wa ngumi wenyewe unatokana na mwili mkubwa, na mbinu, na jinsi unavyogeuza nyonga, na hivyo havipotei haraka. Ndo maana bondia wa kilo 50 spidi ikiondoka hana pa kujificha lakini wa uzito wa juu, yaani kuanzia kilo 90 na ushee kwenda juu bila kikomo, anaweza kupoteza raundi zote na bado akashinda kwa ngumi moja. Pia sisi hatukati uzito, hatukaushi maji mwilini kabla ya pambano, hiyo nayo inatuongezea miaka. Ubaya wake ni kwamba mizani haikuzuii kunenepa, na kila kilo ya ziada miguu ndo inailipa.

Mfano ninaopenda kuwapa wanaoanza ni Muhammad Ali, ila sio yule wa mabango. Oktoba 1974 kule Kinshasa alipompiga George Foreman alipima pauni 216 na nusu, kama kilo 98. Oktoba 2, 1980 alipopanda Las Vegas kupigana na Larry Holmes alipima 217 na nusu, tofauti ya pauni moja tu na ana miaka 38, tumbo hamna, watu wengi wakaamini mzee karudi. Kumbe ule uzito ulishuka pia kwa dawa za tezi ya shingo alizokuwa anameza na ndani hakukuwa na kitu, alipigwa raundi baada ya raundi mpaka kocha wake Angelo Dundee kwenye kona akasema basi baada ya raundi ya 10. Kwa hiyo kioo kisikwambie kitu. Tumbo lililokatika ni tumbo lililokatika tu, halisemi lolote kuhusu miguu yako wala macho yako.

Na kama mnataka kuuona mwili wake ulivyokuwa kileleni, tafuteni pambano la Novemba 1966 na Cleveland Williams kule Houston, miaka 24, raundi tatu tu. Miezi michache baadaye akafungiwa kwa kukataa kwenda jeshini, akarudi Oktoba 1970, yaani kuanzia miaka 25 mpaka 28, umri ambao wengi wetu tunakuwa bora kabisa, hakupigana. Aliporudi ile miguu haikurudi yote. Ali wa Kinshasa ambaye wengi wanamkumbuka ni mtu aliyeshajua kwamba hawezi kukimbia raundi zote, akachagua kuegemea kamba na kupokea. Alishinda kwa akili na roho ngumu na mimi namheshimu kuliko bondia yeyote, lakini miguu ikipungua lazima ulipe kwa kitu kingine, na yeye alilipa kwa kichwa na mbavu. 1984, akiwa na miaka 42, madaktari walimkuta na Parkinson.

Sasa kitu ambacho nataka mkishike kuliko vyote ni umri wa ulingoni. Cheti cha kuzaliwa kinasema kimoja na vita ulivyopigana vinasema kingine. Joe Frazier alikuwa na miaka 27 Machi 8, 1971 alipomshinda Ali raundi 15 Madison Square Garden, usiku mkubwa kuliko wote maishani mwake, akatoka pale akalazwa hospitali. Januari 1973, ana miaka 29 tu, Foreman alimwangusha mara sita ndani ya raundi mbili. Foreman alikuwa mnyama kweli siku zile, sikatai, ila Frazier aliyepanda siku ile sio yule wa 1971. Riddick Bowe naye alikuwa bingwa 1992, baada ya vita vitatu na Evander Holyfield na kipigo cha Andrew Golota mara mbili ndani ya 1996 akawa amekwisha akiwa na 29, na zile mbili za Golota kwenye rekodi zinasomeka kashinda, maana mwenzake aliondolewa kwa kupiga chini ya mkanda. Rekodi inasema ushindi, mwili unasema kitu kingine kabisa.

Na umri wa ulingoni hauliwi kwenye mapambano peke yake, unaliwa zaidi jimu, kwenye sparingi za Jumanne na Alhamisi ambazo hakuna anayeziandika. Kijana wa miaka 21 anataka kumwonesha kila mgeni aliyeingia mlangoni kwamba yeye ndo mwanaume, wanapigana vita kamili bila hela wala mkanda wala daktari, wiki ikija tena. Aisee, acheni. Sparingi ngumu ina msimu wake, wiki chache kabla ya pambano na mtu anayefanana na mpinzani wako, siku zingine fanyeni ya kugusana, ya kuona na kukwepa. Kichwa hakina mazoezi ya kukifanya kiwe kigumu.

Staili nayo inaamua kilele chako kitakuja lini. Mike Tyson alikuwa mfupi kwa uzito huu, kama sentimita 178, kila kitu chake kilisimama kwenye kichwa kinachocheza na miguu inayoingia kwa kasi. Mtu wa hivyo anafika mapema, Novemba 1986 akawa bingwa ana miaka 20, Juni 1988 akammaliza Michael Spinks kwa sekunde 91. Mwaka huohuo akaachana na kocha wake Kevin Rooney, na Februari 1990 Tokyo, miaka 23, Buster Douglas akamlaza. Mkono haukuwa umeondoka hata kidogo, maana raundi ya 8 alimwangusha Douglas! Kilichoondoka ni kile kichwa kinachocheza, na hicho kinataka mazoezi ya kuchosha kila siku, ukiacha kidogo tu kinakuacha. Kwa hiyo wewe mfupi unayepigana kwa kuingia ndani, jua mapema kwamba miaka yako mizuri ni michache na ina masharti.

Ukiwa mrefu na una jebu, hesabu ni nyingine. Wladimir Klitschko alipigwa nokauti na Corrie Sanders 2003 na Lamon Brewster 2004, watu wakamzika, akakaa na kocha Emanuel Steward akajifunza kupigana nyuma ya jebu na kumkumbatia mtu akikaribia, kuanzia 2006 akashika ubingwa mpaka Novemba 2015. Kilele chake hasa kilikuwa baada ya 30. Lakini tazameni pambano la Tyson Fury kule Düsseldorf lililomvua mikanda akiwa na 39, raundi 12, anaona nafasi, bega linaanza, mkono hautoki. Inauma kuangalia ila iangalieni, ni somo zima. Aprili 2017 Wembley, akiwa na 41, alimwangusha Anthony Joshua raundi ya 6 na bado akasimamishwa raundi ya 11. Mkono upo, umeona? Akastaafu mwaka huohuo.

Najua mtaniambia na Foreman je. Ndiyo, Novemba 5, 1994, miaka 45, alimlaza Michael Moorer raundi ya 10 akawa bingwa mzee kuliko wote wa uzito huu. Ila angalieni vizuri kilichotokea. Majaji wote walikuwa na Moorer mbele, Foreman anapigwa taratibu raundi tisa, anatembea kwa jebu mpaka akampata pale anapomtaka, mkono wa kulia, kwisha. Na alikuwa amekaa nje ya ulingo miaka 10, kuanzia 1977 mpaka 1987, miaka ambayo wenzake walikuwa wanavunjwa, na aliporudi alibadilisha kila kitu, mikono ameifunga mbele ya uso, hana haraka tena kama yule wa 1973. Sio kwamba kilele chake kilirudi. Alijenga bondia mwingine juu ya kile ambacho umri haukukichukua. Mtu anayekwambia mbona Foreman aliweza bila kukueleza hayo anataka kukuuza kwenye pambano.

Oleksandr Usyk ndo mfano wangu wa sasa, Julai 2025 amemmaliza Daniel Dubois raundi ya 5 akiwa na miaka 38, na yeye anaishi kwa miguu kabisa. Yeye alitoka uzito wa chini yetu, hapokei ngumi nyingi, na anajitunza mwaka mzima sio wiki nane za kambi. Hilo la mwisho mnaliweza hata leo. Mabondia wengi wa uzito huu wanapanda kilo 15 kati ya mapambano halafu kambi nzima inaisha kwa kupunguza badala ya kujifunza, na ukifika 30 kila kambi ya namna hiyo inakula magoti.

Kwa hiyo ukiwa na miaka 20 mpaka 25 wekeza kwenye vitu vinavyodumu. Jebu, umbali, kusoma mpinzani, kumkumbatia mpinzani vizuri ukichoka, kumsubiri refa awatenganishe. Nokauti zitakuja zenyewe, mwili huo umepewa. Ukizoea kushinda wote raundi ya kwanza kwa mkono mmoja unafika 30 hujui kitu kingine, na hapo ndo watu wanaanza kuwa daraja la vijana kupanda.

Na kuacha kunapangwa mapema. Lennox Lewis Juni 2003 alipigana na Vitali Klitschko, kaka yake Wladimir, akawa nyuma kwa pointi kwa majaji wote watatu, ila Vitali akasimamishwa kwa kuchanika usoni baada ya raundi ya 6. Hela ya marudiano ilikuwa inamsubiri, kila mtu anaitaka, yeye Februari 2004 akasema nimemaliza, bingwa, miaka 38. Ali alikuwa na daktari kwenye kona, Ferdie Pacheco, aliyemshauri aache, na baada ya pambano la Earnie Shavers mwaka 1977 daktari akaondoka yeye, Ali akapigana mara nne zaidi.

Sasa fanyeni mambo mawili mkiwa bado wabichi. La kwanza, pigeni picha ya ubongo na vipimo vya kumbukumbu na macho sasa hivi, kabla hamjaumia, mkavitunze, ili miaka 10 mbele daktari awe na cha kulinganisha. La pili, chagueni mtu mmoja, ndugu au kocha, mumwambie wazi kwamba siku akisema imetosha hamtabishana naye. Eddie Futch, kocha wa Frazier, alimzuia kutoka kwenye kona kuanza raundi ya 15 alipopigana na Ali kule Manila 1975, jicho limefunga, Frazier anataka kuendelea, Futch akakataa. Mtu wako awe wa namna hiyo, na kama inawezekana asiwe anayelipwa kwa asilimia ya pambano lako.