Mnaoanza kusoma historia ya Kanada, hivi vita vya kikoloni visomeni hivi

Wadau mlioanza kozi ya historia ya Kanada juzi juzi, na nyie mnaojiandaa na mtihani wa uraia, najua pa kuchanganyikiwa ni wapi, ni kwenye vile vita vya Wafaransa na Waingereza, vinafuatana kama daladala za asubuhi na vingi vina jina la mfalme ama malkia. Msianze kukariri majina. Chukua ramani, tafuta Mto Saint Lawrence, halafu kwa kila vita jiulize, meli za nani zinapita pale? Maana koloni la Wafaransa lilikuwa linaishi kwa mto ule, baruti, bunduki na askari wanaingilia hapo, na ngozi za biva, yule mnyama wa majini ambaye manyoya yake yalikuwa yanatengenezewa kofia huko Ulaya, zinatokea hapo hapo.

Halafu wengi wanaanzia 1754, ilipoanza ile vita ya mwisho, mnakuwa mmeshachelewa. Anzia 1609, Champlain, Mfaransa aliyeanzisha mji wa Québec, alipoongozana na mataifa ya wenyeji, Wendat, Algonquin na Innu, kwenda kupigana na wenyeji wengine, Mohawk, akawafyatulia bunduki. Mohawk ni sehemu ya muungano wa Iroquois, kwa hiyo Wafaransa wakawa wamejiingiza kwenye ugomvi uliokuwepo kabla yao, wakapigana na Iroquois kwa vipindi mpaka amani ya Montréal ya 1701, ambapo mataifa karibu 40 ya wenyeji yalituma wajumbe na Iroquois wakakubali kutoegemea upande wowote Wafaransa na Waingereza wakipigana. Ukiwaona wenyeji kama watazamaji tu hutaelewa kitu.

Mikataba nayo isomeni kwa kuuliza nani kapewa nini. Utrecht 1713, Ufaransa inaiachia Uingereza Acadia, koloni lake la pwani ya mashariki, pamoja na Newfoundland na Ghuba ya Hudson. Louisbourg, ile ngome ya kulinda njia ya mto, ilitekwa 1745 na wanamgambo wa New England, afu 1748 Uingereza ikairudisha kwa Wafaransa ili ipewe Madras kule India, hebu fikiria hao wanamgambo walijisikiaje! Na msiruke 1755, Waacadia, wale Wafaransa wa Acadia, walivyoanza kutolewa na Waingereza kwenye mashamba yao na kupakiwa melini, maelfu, kisa waligoma kula kiapo cha utii kwa mfalme wa Uingereza bila masharti.

Sasa Québec, mji mkuu wa koloni la Wafaransa. Kila mtu atakwambia 13 Septemba 1759, Wolfe, jenerali wa Waingereza, kapandisha jeshi usiku kwenye mwamba, vita haikumaliza hata saa nzima, yeye na Montcalm, jenerali wa Wafaransa, wote wakafa. Sawa, iandikeni kwenye mtihani, ila mimi naona inapewa sifa kupita kiasi. Angalieni 1760. Waingereza walishinda huo mji wakakaa baridi nzima kiseyeye kinawamaliza, Aprili 28 Wafaransa chini ya Lévis wakarudi wakawapiga pale Sainte-Foy, wakauzingira mji, ikawa pande zote mbili zinakodolea macho mto tu, barafu imeshayeyuka, itatokea bendera ya nani? Mei ikatokea meli ya Uingereza. Lévis akarudi nyuma, Septemba Montréal ikasalimu amri. Na hiyo meli ukitaka kujua kwa nini haikuwa ya Mfaransa, rudi Novemba 1759, jeshi lake la majini lilivunjwa Quiberon, pwani ya Ufaransa kwenyewe. Yaani hatima ya Québec nusu yake iliamuliwa ng'ambo ya bahari, na hii ndo pointi inayowapa watu maksi kwenye insha.

Mkimaliza mkataba wa Paris 1763, ule Ufaransa ilioiachia Uingereza Kanada, msifunge daftari. Soma Tangazo la Kifalme la mwaka huo huo kuhusu ardhi za wenyeji, limetajwa mpaka kwenye katiba ya 1982, na Sheria ya Québec ya 1774 iliyowaachia Wakatoliki dini yao pamoja na sheria za madai za Kifaransa, ndo maana mpaka leo kesi ya mkataba wa nyumba Montréal haifuati sheria zile zile za Toronto.