Bei inayojijaza yenyewe: kwa wadogo zangu mnaoanza kutengeneza fomu

Juzi nilikaa nyuma ya kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo, hapa ofisini Dar, nikimtazama akitengeneza fomu ya ankara kwenye Access, programu ya kanzidata ya Microsoft. Akachagua bidhaa, bei ikaja yenyewe, akageuka kunitazama uso umemchangamka. Nikamwambia afunge fomu, aifungue tena. Kisanduku cha bei kitupu. Akafikiri kidogo, kisha mkono ukaenda moja kwa moja kwenye On Current, tukio linaloendesha msimbo kila fomu inapofika kwenye rekodi.

Nikamshika bega. "Hapo usiandike kitu. Ngoja nikusimulie."

Muda haukutosha kusimulia, na kabla wiki haijaisha mwenzake wa meza ya pili akafanya vilevile. Basi naandika. Jedwali, kwiri (swali unaloliuliza jedwali) na komboboksi (kisanduku chenye orodha ya kuchagua) mnavijua, sirudii huko.

1. Safu za komboboksi zinahesabiwa kuanzia sifuri. Namba ya bidhaa ni Column(0), jina ni Column(1), bei ni Column(2). Ukiandika 3 kwa sababu bei ni safu ya tatu, unapata utupu. Na Column Count, yaani idadi ya safu, iseme 3 hata kama upana wa safu umeuweka sifuri ili isionekane. Nimeona mtu akimaliza mchana mzima hapo.

2. Kujaza kisanduku kutokana na kingine ni kazi ya AfterUpdate ya kile kisanduku cha kwanza, tukio linaloamka mtu akishabadilisha thamani yake. Si ya On Current. Hili ndilo lililonifanya niandike.

Nilikuwa na mwaka mmoja kazini. Duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Kariakoo: saruji, nondo, bati, misumari. Wateja wengi walikuwa mafundi na wakandarasi wadogo, wanachukua mzigo leo, wanalipa kidogo kidogo mpaka mwezi uishe. Kwa hiyo ankara ya mkopo ilifunguliwa mara nyingi: mteja anataka nakala, mteja anauliza amebakiza ngapi, Mzee, mwenye duka, anakagua madeni. Nilipewa kazi ya kuhamisha madaftari yale kwenye kompyuta. Nikatengeneza fomu ya ankara juu, na chini yake fomu ndogo ya mistari ya bidhaa.

Mwanzoni kisanduku cha bei sikukifunga kwenye safu yoyote ya jedwali, nilikijaza kwa ajili ya kuonekana tu. Mistari yote ikaonyesha bei moja, maana kisanduku kisichofungwa kina thamani moja kwa mistari yote. Nikaweka DLookup, amri ya kutafuta thamani moja kwenye jedwali, kwenye On Current, ili kila mtu akifika kwenye mstari bei yake ije. Baadaye Mzee akataka ripoti ya mauzo. Ripoti inataka bei iliyohifadhiwa, kwa hiyo nikakifunga kisanduku kwenye safu ya Bei, nikaandika na AfterUpdate kama inavyotakiwa. Ule msimbo wa On Current nikauacha pale pale. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, ndiyo maana sikushtuka.

On Current huamka kila unapofika kwenye rekodi, iwe mpya au ya mwaka juzi. Ukiweka humo msimbo unaoandika thamani, basi kuitazama rekodi tu ni kuibadilisha, na ukiondoka inahifadhiwa bila kukuuliza.

Miezi minne haikuonekana kasoro, kwa sababu bei hazikubadilika. Kisha saruji ikapanda kutoka 14,000 hadi 15,500 kwa mfuko, Mzee akarekebisha jedwali la bidhaa. Wiki iliyofuata mkandarasi mmoja wa Mbagala akaja kulipa mifuko 200. Karatasi yake ilisema 2,800,000. Skrini ikasema 3,100,000. Siku mbili baadaye akaja mwingine, kisha wa tatu.

Kilichotupoteza ni hiki: mstari mmoja tu ndio uliobadilika katika kila ankara, ule wa kwanza. Ukifungua ankara, fomu ndogo inatua kwenye mstari wa kwanza, na pale dukani saruji ndiyo iliyotangulia kuandikwa karibu kila mara. Nondo na bati zilizokuwa chini zilibaki na bei zake za zamani. Kwa macho ya mtu yeyote ile ilikuwa kazi ya mkono, kwamba mtu ameuchagua mstari mnono akaupandisha ili achukue tofauti. Na nywila iliyokuwa ikifungua fomu ile kutwa ilikuwa ya keshia.

Mzee aliniita. "Mwanangu, hii mashine inaweza kubadilisha bei yenyewe?"

Nikamjibu, "Hapana Mzee. Lazima mtu aguse."

Nililisema bila kwenda kuangalia msimbo wangu hata kwa dakika tano. Yule keshia, binti mdogo kwangu, akaambiwa apumzike nyumbani kwanza. Alipita mbele ya meza yangu na mkoba wake, macho mekundu, nami nikainamisha kichwa kana kwamba nina kazi.

Siku ya tisa, jioni, nilifungua ankara ya zamani ili nimchapishie mteja nakala. Printa ilikuwa inawaka, nikasubiri, mikono ipo mapajani. Mnaijua ile pembetatu ndogo pembeni kushoto mwa mstari, inayoonyesha upo kwenye rekodi gani. Ilikuwa imeshakuwa kalamu. Kalamu maana yake rekodi inahaririwa. Mimi sikuwa nimegusa herufi hata moja. Nikafunga, nikafungua ankara nyingine: kalamu. Nyingine tena: kalamu. Ilikuwa ikitokea hivyo kwa miezi yote ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akitazama pembeni.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilimweleza Mzee yote, pamoja na lile jibu nililompa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mpigie binti aje, umwambie wewe mwenyewe." Alikuja, nikamwambia, nikamwomba msamaha mbele ya wote. Akanijibu neno moja ambalo sijalisahau: "Dada, uliniona napita, hukuniuliza hata mara moja."

Alirudi kwenye dirisha lake siku ile ile. Mimi nilikaa Jumamosi tatu nikirudisha bei moja moja kutoka kwenye nakala za kaboni na risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi), nyingine zimefifia mpaka nikazielekeza kwenye mwanga wa dirisha ndipo nisome. Marekebisho ya msimbo wenyewe yalikuwa kufuta mstari mmoja.

Kwa hiyo kijana wangu akipeleka mkono On Current nikamshika bega, asidhani namwonea.

3. Kabla hujaandika chochote, jiulize: thamani hii ikibadilika kule ilikotoka, rekodi ya zamani ibadilike nayo, au ibaki? Bei ya ankara lazima ibaki, kwa hiyo inakiliwa na kuhifadhiwa. Mwalimu amekufundisheni kwamba kitu kikae mahali pamoja tu, na amesema kweli, lakini bei ya siku ya mauzo ni kitu kingine na bei ya leo ni kitu kingine. Fungueni Northwind, ile kanzidata ya mfano ya Microsoft: bei ipo kwenye jedwali la bidhaa na ipo tena kwenye mistari ya oda. Haikuwekwa mara mbili kwa bahati mbaya.

Wilaya ya mteja ni kinyume chake. Ukichagua kata, wilaya ijitokeze, sawa, lakini usiihifadhi kwa kila mteja, ivute kwa kwiri. Waliozihifadhi walipata tabu Ubungo ilipomegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke: wateja wawili wa Sinza, mtaa mmoja, mmoja yuko Kinondoni mwingine yuko Ubungo, kwa sababu tu mmoja alisajiliwa mapema. Mwaka 2021 Manispaa ya Ilala nayo ikawa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Aliyekuwa na jedwali la kata na la halmashauri alibadilisha mstari mmoja akaenda kunywa chai.

Na tumieni namba ya kata, msitumie jina. Mbezi ni kata ya Ubungo, Mbezi Juu ni ya Kinondoni, na watu wote wanasema "Mbezi" tu. Dereva wetu aliwahi kupeleka bati Mbezi Beach wakati mwenye bati anamsubiri Mbezi ya Kimara, amepanga na mafundi juu ya kenchi. Simu za siku ile zilipokewa na Mzee mwenyewe, na ilibidi awe mpole sana.

4. Chang'ombe. Ndiyo, jina hili peke yake ni somo. Ukiandika DLookup yenye sharti la maandishi ndani ya alama za kunukuu za mkato mmoja, ile ng' inafunga nukuu katikati ya neno na Access inalalamika kuhusu sintaksia. Msimbo unafanya kazi Keko, unafanya kazi Kurasini, unakwama Chang'ombe. Vitabu tunavyosoma vimeandikwa na watu ambao majina ya mitaa yao hayana ng'. Tafuta kwa namba, au ikilazimu kutumia jina, iandike ile alama mara mbili kwa amri ya Replace. Na DLookup isipopata kitu inarudisha Null, yaani utupu, kwa hiyo amua mapema utafanya nini nayo. Kwenye bei msiweke Nz, amri inayougeuza utupu kuwa sifuri, kwa haraka. Kisanduku kitupu kitamfanya keshia aulize, sifuri itapita hadi kwenye ankara.

5. Default Value, yaani thamani ya kuanzia, haiwezi kufanya kazi hii, kwa sababu inawekwa rekodi mpya inapoanza, kabla bidhaa haijachaguliwa.

6. Msimbo wako ukibadilisha thamani ya bidhaa, AfterUpdate yake haiamki, ni lazima uiite mwenyewe. Na mistari uliyoingiza kutoka Excel moja kwa moja kwenye jedwali haikupita kwenye fomu kabisa, kwa hiyo bei zake hazikujazwa.

7. Msimfungie keshia kisanduku cha bei. Kariakoo bei inapatanwa. Fomu ipendekeze, mtu aamue, na kama mnaogopa bei kushushwa ovyo basi hifadhini pia bei ya orodha kwenye safu yake, tofauti ionekane na jina la aliyeibadilisha liwepo. Ila mjue kwamba keshia akishapatana bei kisha akabadilisha bidhaa, AfterUpdate itaiandika bei upya juu ya ile ya mapatano, jambo ambalo ndilo tunalolitaka, lakini mwambieni.

Wewe uliyeanza na hii habari juzi: kesho asubuhi, kabla sijafika, fungua fomu yako kwenye ankara ya wiki iliyopita. Ondoa mikono kwenye kibodi, tazama pembeni kushoto mwa mstari wa kwanza, kisha uje uniambie umeona pembetatu au kalamu.